Utepe Uliogoma Kufutika

Ofisi niliyopewa chuoni Masasi ilikuwa stoo ya viti vibovu, na kwa jinsi viti vile vilivyotolewa kwa shingo upande, nilijua mapema kati yangu navyo nani alikuwa na thamani. Nilikuwa nimetoka nyanda za juu na shahada mbili za saikolojia, pamoja na koti la suti ambalo joto la huku lilinivua wiki ya kwanza. Uongozi ulisema niwasaidie wanafunzi wenye msongo wa mawazo. Haukusema nani angekubali kwamba anao.

Kazi ya kuandika mlangoni akapewa fundi wa mabango wa pale mjini. Nilimwambia aandike "Ushauri Nasaha". Niliporudi nikakuta herufi safi za buluu, na pembeni yake utepe mwekundu uliokunjwa, ule ule wa kwenye kuta za vituo vya afya.

"Na huu wa nini?"

"Huo ofa, bosi. Ushauri nasaha bila utepe, watu watajuaje kuwa ni mambo ya ngoma?"

Alikuwa sahihi. Katika nchi hii maneno hayo mawili yana maana moja, Ukimwi: ama unakwenda kutobolewa kidole, ama majibu yametoka. Nilikuwa nalijua hilo kama Mtanzania yeyote; shahada ndizo zilizonisahaulisha. Fundi akapaka nyeupe juu ya utepe. Mvua ya kwanza ikanyesha, utepe ukarudi, wa waridi, kama kovu.

Ikawa hakuna anayepita mlangoni. Waliobanwa sana walinivizia sokoni. Nimewahi kumtuliza kijana aliyeachwa na mpenzi wake huku nimeshika fungu la dagaa, naye akijifanya kuuliza bei.

Aliyepita mlangoni alikuwa mmoja. Binti wa mwaka wa tatu, ualimu, kutoka Newala, ukoo wa Kianglikana ambao mababu zake walibatizwa na wamisheni na hawajaacha kuikumbusha dunia. Alikuwa amelelewa kuingia kwa mlango wa mbele. Akasema, "Shikamoo dokta," na mimi nikaitikia bila kusahihisha ule udaktari, kama ninavyofanya siku zote.

Tatizo lake lilikuwa mtihani. Akikabidhiwa karatasi, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, maandishi yanaogelea. Alikuwa amekwisha kufeli masomo ambayo aliwafundisha wenzake. Na alikuwa na haraka: mwalimu mmoja wa Tandahimba alikuwa amepeleka posa, imepokelewa, na ndoa ingefungwa akimaliza chuo. Tukaanza na pumzi. Ingiza taratibu, toa taratibu. Ndicho nilichokwenda chuo kikuu mara mbili kujifunza.

Hosteli ilimwona akitoka. Wenzake wa chumbani hawakumgombeza. Walifanya vibaya zaidi, walimhurumia. Kikombe chake wakakipaka alama kwa rangi ya kucha.

"Dada, tumekiwekea alama usichanganye."

"Nisichanganye mimi au nyinyi?"

"Aa, mama mchungaji, usikasirike. Ulikanyaga miwaya lini?"

Haya alinisimulia mwenyewe, akicheka kwa pua. "Lakini dokta, kuna faida. Hosteli nzima wanaibiana vikombe. Changu hakiguswi."

Kutoka hosteli hadi Tandahimba habari haikuhitaji basi. Mwanafunzi mmoja alikuwa na binamu, binamu alikuwa na kundi la WhatsApp. Mshenga wa yule mwalimu akafika Newala kuuliza afya ya bibi harusi. Binti akapimwa. Damu safi. Mimi nikafurahi, nikadhani ndiyo mwisho.

Mjomba wake, kaka wa mama, akateremka kutoka Newala na basi la asubuhi, akaja naye ofisini. Mzee mrefu, sweta la baridi ya kule juu bado mwilini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari. Mpwa wangu ni mzima. Majibu nimeyasikia kwa masikio yangu, na mshenga kayasikia."

"Basi yamekwisha."

"Ndiyo yameanza. Shangazi wa kijana kauliza: kama damu ni safi, kwenye mlango ule alifuata nini? Nikakosa jibu. Nipe jibu."

Nikamtazama binti. Akatikisa kichwa: sema. Nikasema. Nikaeleza hofu, moyo, homoni, kwa sauti kama ya redioni. Nikachora hadi ubongo. Mzee alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mahubiri ya dhehebu lisilo lake.

"Kwa hiyo ni kichwa."

"Ni hofu tu, mzee."

"Hofu inakaa wapi? Kwenye goti?"

Binti akacheka. Mimi pia nilitaka kucheka, ila mzee hakuwa anatania. Akanieleza polepole, kwa upole anaostahili mtoto mzito wa kuelewa. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Ugonjwa wa damu mtu huupata peke yake, na siku hizi una vidonge. Wanaovimeza wananenepa na wanapalilia mikorosho. Ugonjwa wa kichwa unatoka kwa mama, na mama kautoa kwa bibi. Nyuma ya huyu kuna wadogo zake, kuna mabinti wa dada mwingine.

"Nikipeleka neno kichwa Tandahimba, nimeifunga nyumba nzima. Nikinyamaza, nimempoteza mmoja."

"Lakini hana ugonjwa wowote!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe msomi. Nitafutie jina la tatu."

Nikatafuta. Nikasema wasiwasi. Akasema wasiwasi ni wa jini, na jini naye ana ukoo. Nikasema msongo wa mawazo. Akauliza anawaza nini, ana mwanamume mwingine? Nikasema sonona.

"Hiyo ndiyo nini?"

Nikaanza kueleza, nikajisikia nikirudi kichwani.

"Mngeandika stoo," binti akasema, kwa sauti ya mtu anayewaza mambo mengine. "Ningesema nilifuata kiti." Kisha akamgeukia mzee. "Mjomba, nyamaza tu. Waache waseme damu."

Mjomba akanyamaza. Posa ikarudi. Kijana mwenyewe hakufika, alimtuma mshenga. Huyo kijana nilionyeshwa baadaye stendi ya Masasi. Akanipa shikamoo yenye adabu zote, akasogea kando tusije tukaonekana pamoja.

Mtihani ulipofika nilisimama nje ya ukumbi kama mzazi. Binti akatoka wa mwisho.

"Mikono?"

"Imetulia."

"Zile pumzi zimesaidia?"

Alinitazama kwa huruma, ile ile ya hosteli. "Hapana, dokta. Nilikuwa naogopa nikifeli wataniacha. Sasa wameshaniacha."

Alifaulu vizuri. Mkuu wangu aliponiuliza kama ofisi ina matokeo, nilijibu kwamba yupo mmoja aliyepona kabisa. Akanipongeza.

Fundi nilimwita tena, akafuta kila kitu, akaandika STOO. Tangu hapo wanafunzi wanapita mbele, mchana kweupe, kila mmoja na kiti kibovu mkononi cha kujitetea. Ofisi imejaa viti na hakuna pa kukaa.

Msimu wa korosho uliopita mdogo wa yule binti aliolewa, huko huko Newala, ndoa ya kanisani, na nyumba haikufungwa. Nilialikwa. Binti mwenyewe, mwalimu sasa, alikuwa amepika tangu alfajiri, ingawa niliona kwamba sufuria alizoonja hazikupelekwa upande wa wakwe. Chai ilipoanza kugawiwa, mama mmoja mnene wa kanisani akasita mbele yake na sinia la vikombe, akawa anatazama huku na huku kama anayetafuta kimoja kisicho na maana.

"Usihangaike, Mama," binti akasema, akafungua mkoba. "Nimekuja nacho."

Rangi ya kucha ilikuwa imeanza kubanduka. Mama yule akashusha pumzi, akammiminia chai akijihadhari birika lisiguse ukingo, akambariki. Mjomba, kutoka meza kuu, aliniinulia kikombe chake.