Ubishi wa Mchezo wa Zamani, Watu Wakiwa Getini

Nyinyi vijana mnaosoma haya, msinicheke. Mimi shule niliishia la nne, kwetu Tanga, na michezo ya kwenye televisheni siijui. Lakini ubishi wake ulikaribia kututoa roho hapa Yeoville, mtaa wetu wa ugenini huku kusini, mwaka 2019, na nilikuwepo.

Wiki ile maduka ya wageni kama sisi yalikuwa yanavunjwa na wenyeji. Jumapili mchana tulijifungia ndani: mimi, mwanangu fundi cherehani, na binti yake wa miaka kumi na sita, aliyezaliwa hapa hapa. Mwanangu akachomeka mashine yake kuukuu ya michezo, ile ya kaseti, ili wapoteze muda. Kuna kijitu kinaruka mashimo. Basi.

"Hii ndiyo kazi bora," akasema. "Hakuna mliyotengenezewa nyinyi inayoifikia."

"Baba, kazi bora gani? Ukikosea mara tatu unarudishwa mwanzo kabisa. Wameweka ugumu kuficha kwamba mchezo wenyewe mfupi."

"Mfupi! Mimi nimeucheza utoto wangu wote sijaumaliza!"

"Basi tatizo si mchezo, ni wewe."

Nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. Nikamuuliza mwanangu, uzuri wake hasa ni nini? Akasema kila shimo limepimwa, ukianguka unajua kosa ni lako. Binti akasema hapana, baba anapenda ujana wake, si mchezo. Hapo mwanangu akawaka. Na sisi nyumbani kwetu hatujui kubishana kwa kunong'ona. Anayepunguza sauti ameshindwa. Kila mmoja akataka kumfunika mwenzake, Kiswahili kinatoka dirishani hadi barabarani.

Ndipo nikasikia wimbo unakuja, na miguu mingi. "Nyamazeni," nikasema. Hawakunisikia. Nikamchapa mwanangu kwa ncha ya kanga. Walipotulia, na wimbo nao ulikuwa umekatika, nje ya geti letu.

Mtu akagonga chuma kwa chuma. Akauliza kwa Kizulu, nani anapiga kelele humo, na ile ni lugha gani. Nikakaa palepale sakafuni. Mwanangu Kizulu chake ni cha kuuzia suruali tu; akifungua mdomo tumekwisha. Binti akaenda dirishani kabla sijamshika. Akajibu kwa Kizulu, taratibu, kama anayemjibu dereva wa teksi. Nilidaka neno mojamoja: baba, mchezo, mzee hataki kushindwa.

Yule mtu akauliza, mchezo gani? Binti akamtajia. Wakacheka wawili watatu. Akasema kitu, wimbo ukaanza tena, ukashuka kuelekea madukani.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema ule wa zamani ndio wenyewe, hii mipya takataka." Akanigeukia. "Na amesema, Bibi, baba afunge mdomo. Wanaokuja nyuma yao hawapendi michezo."

Mwanangu, jasho linamchuruzika, akasema: "Umeona? Hata yeye!"

Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa. Nikazima televisheni, nikafunga dirisha, nikawaambia wote wawili: "Kama mchezo ni bora au si bora, sitaki kujua. Kuanzia leo, humu ndani ubishi ni kwa Kizulu. Asiyekiweza anyamaze."