Shavu Kwenye Mbuzi ya Nazi

Harufu ya nazi ikikunwa hunirudisha uani kwetu, baada ya wazazi kufariki, nilipokuwa nimeacha shule ili nilee wadogo zangu. Kitindamimba wetu alitokwa usaha masikioni mpaka akaacha kuitika.

Bibi wa jirani alileta mafuta ya moto yenye kitunguu saumu. "Mtie haya, mwanangu. Kishakuwa kiziwi huyo."

Nilikuwa nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Mtoto alilaza shavu kwenye ubao, akacheka. Nikiacha, ananuna. "Dada, kuna tena!"

"Bibi, anasikia!"

"Hata adhana haisikii, asikie nini?"

"Anasikia kwa shavu."

Nilitaka kujua inakuwaje. Nikamwomba bibi radhi, mafuta nikayaweka kando, nikampeleka mtoto zahanati. Mganga alimchungulia masikio kwa kurunzi. Ngoma za masikio zimetoboka, akasema, lakini ndani kabisa hakujaharibika; ndiyo maana mtikiso wa ubao ulimfikia kupitia mfupa wa shavu. Akatupa dawa. "Usitie mafuta wala maji. Masikio yakae makavu."

Yalipokauka, nilimwita kwa sauti ndogo kutoka nyuma, upande wa kulia. "Abee, dada!" Nikahamia kushoto, nikaita tena. Kimya. Tangu mlo wa jioni ile, sote tuligombea kukaa kulia kwake.