Mgonjwa wa Pili wa Saa Nne

Kwa miaka tisa ofisi nzima ya kutengeneza tovuti ilimwita Fundi, naye aliitika bila kugeuza shingo, maana Fundi alikuwa mmoja tu. Kalenda alizotengeneza kwa Flash, programu ya zamani ya michoro inayosogea, zilipendeza macho: ukibonyeza siku, inachanua, saa zake zinabadilika rangi. Kisha meneja akamwajiri wifi ya Fundi, binti aliyekuwa mdogo wa mwisho wa mumewe, ambaye Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kipanya.

Binti hakuitaka Flash. Aliandika kwa JavaScript, lugha ambayo kila kivinjari huielewa, na ukurasa wake ulifunguka papo hapo, bila kumdai mtu aongeze programu yoyote kwanza, kama Flash ilivyodai.

"Wifi, bado unaalika watu chakula na kuwaambia waje na sahani zao?" alimtania mbele za watu.

Wakacheka. Fundi naye akacheka, meno ya nje tu. Tangu siku hiyo hakupita nyuma ya kiti cha binti bila kuchungulia skrini yake.

Hospitali ilipotaka ukurasa wa wagonjwa kujiwekea miadi, meneja aliwaagiza wawili hao, kila mmoja atengeneze wake. Jumatatu, katika kuchungulia kwake, Fundi aliona kosa: wagonjwa wawili wakibonyeza saa ileile kwa pamoja, wote wangepewa. Yeye kosa kama hilo lilimtesa wiki mbili, zamani. Akanyamaza, na chai yake siku hiyo ikawa tamu.

Ijumaa, mbele ya matroni wa hospitali, binti alimgeukia. "Wifi yangu, kuwa mgonjwa wa pili. Matroni achague saa nne, nawe ujaribu hiyohiyo, tuone utakavyokataliwa."

Kuchelewa kwa kupepesa jicho tu kungemsitiri binti, kwani saa ingekuwa imeshachukuliwa. Matroni alipobonyeza simu yake, Fundi naye akabonyeza, sawia.

"Umepata miadi," simu ilisema. Kompyuta ya Fundi ikasema vilevile.

Binti hakuitazama skrini. Alimtazama wifi yake.

"Haya, tuone ukurasa wa mwenzako," alisema matroni. Kwenye simu, kalenda ya Fundi ilikuwa kisanduku cheupe, kitupu.

"Simu hiyo haifungui Flash. Kwenye kompyuta—"

"Wagonjwa wangu wana simu, mama. Kosa la huyu linarekebishika. Lako je?"

Walipobaki wawili, binti aliuliza taratibu, "Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Ungenisema nyumbani, wifi, hata ungenitukana. Mbele ya wageni?"

Hapo ndipo Fundi alipoona aibu, kwa kuwa ukoo ule haukuwahi kuanikana hadharani. Akavuta kiti, akakaa kando yake.

"Fungua pale saa inapohifadhiwa. Anayetangulia aifunge saa palepale, wa pili akute imefungwa."

Binti akaandika, vidole vikikimbia. Kwa dakika ishirini kazi ikawa imekwisha. Fundi alivitazama vidole vile, na wivu ukampanda upya.