Sahani Isiyorudi na Kitu

Haikuwa njaa. Hilo lieleweke kwanza, kwa sababu jengo zima pale Mchafukoge, kuanzia duka la vitambaa la chini hadi juu wanakoanika nguo, lilishajaa maneno kwamba Bi Mwanamkuu anamnyima mkwewe chakula, kwamba kabati la jikoni lina kufuli, na kwamba Sitara, mjamzito wa miezi saba, ameonekana kwenye ngazi akimumunya magadi ya kupikia maharage kwa kuwa tumbo ni tupu. Kufuli halijawahi kuwapo. Magadi, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Bi Mwanamkuu alifundisha sayansi kimu miaka thelathini na moja. Mumewe alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Zahoro, na jina ambalo hakuna aliyewahi kulitia doa. Zahoro alipooa na mkewe akashika mimba, mama aliona zamu yake imefika. Kwa watu wake, mimba ya kwanza huangaliwa na mama mkwe, na uangalizi huo hupimwa kwa sahani. Basi akapika. Mchana pilau ya nyama yenye mafuta, na achari ya ndimu pembeni. Alasiri chai ya maziwa na sambusa. Jioni wali wa nazi na mchuzi wa papa. Sitara naye alifunzwa kwao kwamba sahani ya mama mkwe hairudi na kitu. Kwa hiyo haikurudi na kitu.

"Mama, leo nimeshiba mapema," alijaribu siku moja.

"Umeshiba wewe. Huyo wa ndani hajaanza. Kula, kisha ukalale."

Akala, akalala, na moto ukampanda kifuani hadi kooni. Alipolalamikia kiungulia, Bi Mwanamkuu alicheka. "Hizo ni nywele za mtoto. Huyo atazaliwa tayari kwa kusukwa." Mwalimu wa sayansi kimu ndiye aliyesema hivyo.

Ndipo muuza viungo mmoja wa Kariakoo, ambaye Sitara alimwendea kwa hiliki, alipompa kipande cha magadi amumunye. Moto ukatulia kwa robo saa. Kesho yake akanunua mfuko mzima. Kila baada ya chakula akawa anatoka hadi kwenye ngazi ili mkwewe asimwone, na huko akaonwa na Victoria, fundi cherehani wa ghorofa ya pili, ambaye ulimi wake hukimbia kuliko mashine yake.

Maneno yalipomfikia, Bi Mwanamkuu hakumuuliza Sitara lolote. Siku ya kliniki alivaa baibui lake jipya akamsindikiza, watu wamwone akimsindikiza, akaingia naye hadi kwa muuguzi. Muuguzi akapima presha, akapima tena. Akabonyeza kifundo cha mguu, na alama ya kidole ikabaki.

"Unakula nini, dada?"

"Anakula vizuri sana," alijibu Bi Mwanamkuu. "Napika kwa mikono yangu."

Muuguzi akainua uso. "Mwalimu? Shikamoo, mwalimu. Mimi Leticia, nilikuwa nakaa mbele, karibu na dirisha."

"Marahaba, mwanangu." Alifurahi. Alikuwa amepata shahidi.

"Na zaidi ya chakula, dada, unakula nini kingine?"

Sitara alitazama sakafu, kisha akafungua mkoba na kutoa ule mfuko.

"Hayo hayakutoka kwangu," Bi Mwanamkuu alidakia. "Labda ndivyo walivyozoea huko kwao."

"Nilikuwa natuliza kiungulia," Sitara alisema kwa sauti ndogo, "ili niweze kumaliza chakula cha mama."

Leticia aliyaweka magadi pembeni. "Haya ni kama kula chumvi kwa kijiko. Yanavimbisha miguu, na presha yako imeanza kupanda. Usiyaguse tena. Kula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Punguza mafuta, pilipili na ndimu. Ukishakula kaa wima, usilale mpaka masaa mawili matatu yapite, na ukilala inua mabega kwa mito. Kiungulia kikizidi njoo, zipo dawa za wajawazito. Kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, njoo siku hiyohiyo. Wiki ijayo nikupime tena." Kisha akamgeukia Bi Mwanamkuu. "Si ulituchorea ubaoni, mwalimu? Tumbo la chakula, na mtoto akilisukuma kwenda juu hadi kiungulia kipande. Lile swali la mtihani nililipata kwa sababu yako."

Alisema kwa shukrani, na shukrani hiyo ndiyo iliyomchoma. Bi Mwanamkuu hakupata pa kuweka macho. Jioni alimletea Sitara wali kwenye kisosi cha chai.

"Kikikushinda, kiache," alisema, akitazama pazia.

Wiki iliyofuata presha ilikuwa imeshuka. Siku hiyohiyo Victoria alimkuta Bi Mwanamkuu kwenye ngazi.

"Shikamoo, mwalimu. Eti yale magadi ni kweli? Wasichana wa siku hizi jamani, sijui wanafunzwa nini kwao."

Mlango wa kukwepa lawama ulikuwa huo, uko wazi kabisa. Bi Mwanamkuu alishika chuma cha ngazi.

"Marahaba. Aliyala kwa sababu yangu. Nilimlisha kupita kiasi, naye kwa adabu hakukataa. Adabu hiyo alikuja nayo kutoka kwao."

"Kumbe! Sasa kliniki walisemaje? Na Zahoro je?"

"Nililopaswa kusema nimelisema, Victoria. Lingine sisemi."

Akapanda zake juu.