Tone la Samli kwenye Vali

Kabla ya kila jaribio mkuu wetu alitutazama mmoja mmoja na kuuliza, "Wewe unaogopa nini?" Kujibu kwamba huna hofu kulikatazwa. Alikuwa amezeekea kwenye injini za roketi, na wiki ile alikuwa ameteuliwa kuongoza shirika la anga. Mimi, niliyetoka chuo kikuu juzijuzi, niliona ni maigizo. Kila mara nilimjibu kwamba naogopa mvua.

Asubuhi ya jaribio, ndani ya chumba cha kuongozea, nilifungua mkoba wangu, nikaona katika kijaluba cha kalamu nukta nyekundu inang'aa juu ya rula. Poda nyekundu na samli. Unguja, kabla hatujahamia ughaibuni, Southall, mama alikuwa akiibariki hivyo cherehani ya baba kila sikukuu yetu ya Kihindu. Vyombo vyangu vya kazi navyo alivipaka kila mwaka, nami kila mwaka nilimbishia. Safari hii hakuniambia.

Lakini mkoba uleule ulikuwa umelala nyumbani na vali mpya niliyoichukua kwa wachonga vyuma wa Hounslow. Sasa vali hiyo ilikuwa imefungwa kwenye bomba la oksijeni, na oksijeni ile ikikutana na mafuta, hata tone, chuma chenyewe huwaka. Fundi wetu alikuwa nje, hatua tatu kutoka kwenye bomba hilo, akikaza boliti za mwisho.

Labda mama hakuigusa. Labda fundi aliiosha. Na nikisema, watauliza nani alimruhusu mhamiaji huyu kuingia humu.

"Wewe?" mkuu aliuliza.

"Naogopa mama yangu ameipaka vali samli."

"Samli ni nini?"

"Siagi iliyoyeyushwa. Ni baraka."

Nilisubiri kicheko. Hakikuja. Mkuu alikwishashika simu. "Fundi, acha kila kitu. Ondoka hapo, taratibu."

Walipoifungua vali, kitambaa cheupe kilichopitishwa ndani kilitoka na wekundu. Mkuu alikitazama, akaketi, akakikunja taratibu.

Jioni mama alinifungulia mlango. "Kile chuma chako kimefanya kazi, mwanangu?"

"Bado, mama. Kinaoshwa."

"Kinaoshwa?" Alikunja uso. "Kwani kilikuwa kichafu? Nilikifuta vizuri kabla sijakipaka."