Damu Isiyotaka Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini, Masasi, mkuu wa maabara alinionyesha jokofu akasema, “Binti, sampuli ikichelewa kupimwa, iweke humu. Baridi ndiyo mlinzi wetu.” Nilifanya kazi kwa neno hilo miaka mingi, hadi nilipohamishiwa Newala nikampokea Mama Somoe.

Alikuwa mkulima wa korosho. Kipupwe kikiingia, vidole vyake hugeuka vyeusi, miguu hutoka madoa ya zambarau, viungo huuma. Alishaambiwa ana lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili. Alimeza dawa bila kuruka, lakini vidonda vya vidole vya miguu vilizidi, na sasa mkojo ulikuwa na damu.

Daktari mfawidhi aliniita. “Mama Eliza, hili jina la lupus linanitia wasiwasi. Ipo protini adimu ya damu inayoganda kwenye baridi na kuziba mishipa midogo. Dalili zake zinafanana na za lupus kabisa. Mtoe damu, ila isipoe mpaka utenge seramu. Ikipoa, protini itazama pamoja na damu iliyoganda, tutasema hana kitu.”

Nilipasha moto sindano na kichupa cha damu, nikaandaa chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu ya kukitumbukiza, kipimajoto ndani.

“Mama Eliza, anayechomwa ni mimi,” alisema Mama Somoe. “Mbona mwenye haraka ni wewe?”

“Tulia tu, mama. Naogopa damu isije ikapoa.”

Damu ilipoganda humo kwenye joto, nilitenga seramu, yale maji ya njano yanayobaki, ndipo nikaiweka jokofuni. Kila asubuhi nilifungua mlango nikaikagua. Safi. Kesho yake, safi. Wodini, alikolazwa Mama Somoe, vidonda vilikuwa vinapanda mguuni. Asubuhi iliyofuata nikakuta utando mweupe chini ndani ya kichupa, kama tui lililolala. Nilipoupasha moto, ukayeyuka; ndiyo protini ile. Nilikwenda kwa daktari mbio, sikuvua hata glavu.

Mama Somoe alipelekwa hospitali ya rufaa. Huko wakakuta chanzo cha protini hiyo: homa ya ini aina ya C, iliyojificha kimya. Wakaitibu. Vidole viwili vya mguu vilikatwa, lakini figo zilipona, akarudi shambani.

Nimestaafu. Vijana wa maabara hudhani namkumbuka daktari yule kwa furaha tu. Namkumbuka kwa hofu pia. Ugonjwa ulishapewa jina, dawa zilishaanza, na hakuna aliyemlazimisha kutia shaka. Je, angekuwa amechoka siku ile?