Chokaa ya Pasaka

Nakumbuka Alhamisi ile mbele ya Pasaka, saa kumi na moja ya jioni. Saa niliiandika mwenyewe kwenye kaye yangu, daftari la shule, maana nilikuwa mutoto wa haya. Mambo yangu niliyaambia karatasi kuliko watu. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwanangu, huku kwetu Masisi, nami nimerudi konje, likizo ya Pasaka, kutoka sekondari.

Papa yangu alichochea moto kwenye kiwanda cha maziwa. Tanuru la kuchemshia maji lilikula makaa ya mawe, na moshi wake ulinuka kiberiti, ukikwaruza koo. Kwa hiyo ulipitishwa kwanza ndani ya tangi ya maji ya chokaa, chokaa ikala ile sumu. Bila hiyo, ukungu wa milima huurudisha moshi chini na sumu yake. Na chini palikuwa shamba la Mama Zawadi, mujane, maharagi yake yakiwa kwenye maua.

Kutia chokaa kila jioni, Papa alinipa mimi.

Lakini kwetu, Pasaka ikikuta nyumba haijapakwa nyeupe, ni aibu. Kisimani wasichana walinicheka: "Eh, dada wa masomo, kwenu iko kama zizi ya ngombe! Yesu akifufuka atapita mbali!" Alhamisi ile nikabeba mfuko wa mwisho wa chokaa ya kiwanda, nikapaka ukuta wetu wote. Nilijiambia, siku tatu bila chokaa tangini haziui muntu. Papa aliusifu ukuta, akidhani Mama amenunua chokaa sokoni.

Ijumaa alinusa hewa. "Umetia?"

Nikaitika kwa kichwa tu. Hata uongo wangu ulikuwa wa haya.

Jumatatu majani yalikuwa yamebabuka, maua chini. Mama Zawadi akasimama mlangoni mwa kiwanda na mashina mkononi. "Papa, nilikukosea nini? Watoto wangu watakula hii?"

Shefu wa kiwanda akafungua tangi: maji matupu. Akatazama nyumba yetu kilimani, inang'aa. "Mwizi!"

Papa akaniangalia mara moja, pale niliposimama kando ya tanuru. Mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Njo mimi niliyeiba," Papa akasema. Akafukuzwa papo hapo, watu wakisikia.

Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi maradhi yangu yalimuumbua mwingine. Mwanangu, kilichowekwa kuzuia ubaya usikigeuze pambo. Na haya ni nzuri, lakini ikikufunga mdomo siku ya kosa lako, inakuwa moshi: unatoka kwako, unaunguza shamba la jirani. Mungu akupe ulimi mwepesi siku hiyo, na wazazi wako wasibebe jina lisilo lao.

Papa hakupata tena kazi ile. Asubuhi yake, Jumanne, nilichukua jembe, nikashuka kwa Mama Zawadi, nikamwambia yote. Alinionyesha mstari wa kwanza, tukaanza kung'oa maharagi yaliyoungua.